Mwacheni Mgonjwa Ashike Kikombe Mwenyewe

Mgonjwa wa kiharusi akirudishwa nyumbani kwetu Keko, Dar es Salaam, heshima yote ya ukoo humwangukia. Binti anamlisha, mjukuu anamfuta mdomo, mkwe anamvisha shati, vijana wawili wanambeba juujuu hadi bafuni. Akijaribu kunyoosha mkono afikie kikombe, sauti tatu zinamkataza kwa mpigo: "Tulia, baba, sisi tupo." Upendo huo ni wa kweli, na nauheshimu. Lakini nimeona unavyowamaliza watu. Mkono usioitwa kazini husahau kazi. Mguu usiokanyaga chini hulegea kwanza, kisha hukakamaa, na baada ya miezi michache mtu aliyetoka hospitali akiwa na dalili njema anakuwa wa kugeuzwa kitandani.

Ninachotaka kuwaambia wanaouguza ni hiki: sehemu kubwa ya tiba ya mtu aliyepooza upande iko nyumbani, katika mambo madogo anayoyafanya mwenyewe mara nyingi kwa siku. Kazi yetu ni kumwandalia mahali, kumlinda asianguke, na kuvumilia anapochelewa.

Wagonjwa hawa si wachache. Utafiti uliofanyika katika wilaya ya Hai na hapa Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulikuta Hai watu wapatao 109 kati ya kila 100,000 wakipata kiharusi kwa mwaka, baada ya kuweka sawa tofauti za umri. Dar es Salaam walikuwa 316. Ukikaa barazani mtaani kwetu, Keko Machungwa, Magurumbasi au Mwanga, utawahesabu wewe mwenyewe: yule aliyekuwa akiuza mkaa, yule mama wa maandazi, yule fundi. Presha isiyotibiwa ndiyo chanzo kikubwa, na wengi wanaijua siku wanapoanguka.

Kwanza tuelewane kilichotokea kichwani, kwa sababu mtaani bado tunasikia "amepigwa na upepo", "ametupiwa jini", na huku tunahangaika kwa waganga, wiki zenye thamani kubwa zinapita. Mshipa wa damu wa ubongo umeziba, au umepasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu imekufa, na iliyokufa haifufuki. Mkono na mguu wenyewe ni wazima. Aliyekuwa akiviamrisha ndiye aliyeondoka. Habari njema ni kwamba sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza kazi ile, kidogo kidogo, ila zinajifunza kwa kurudia. Mtoto hajifunzi kutembea kwa kuchuliwa miguu, anajifunza kwa kutembea.

Kuna kisa kimoja kinachosimuliwa sana na wataalamu wa ubongo. Mwaka 1959 Pedro Bach-y-Rita, mshairi na mwalimu wa chuo jijini New York, alipata kiharusi akiwa na umri wa miaka 65. Alipooza nusu ya mwili na hakuweza kusema. Tiba ya mazoezi iliyokuwapo zama zile haikumfikisha popote, na mwanawe George, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, akamchukua kwenda kukaa naye Mexico. George hakuwa mtaalamu wa mazoezi. Alianza kumfundisha baba yake kutambaa, bega bovu likiegemea ukutani. Majirani walishangaa kuona mzee msomi akitambaa kama mtoto, wakasema mwana amemkosea baba heshima. Akampa sufuria za kuosha, mkono mbovu ukizunguka ndani ya sufuria, dakika kumi na tano kulia, dakika kumi na tano kushoto. Mzee yule alirudi kufundisha chuoni. Alipofariki miaka kadhaa baadaye, huko Colombia alikokuwa akipanda mlima, madaktari walifungua ubongo wake wakakuta uharibifu mkubwa upo palepale. Haukupona. Sehemu zilizobaki ndizo zilizobeba kazi.

Sisemi kila mgonjwa atapanda mlima. Wengine kiharusi chao ni kikubwa mno, na kuna watakaobaki na mkono usiofunguka hata wakijitahidi vipi. Ninasema tusiamue mapema kwa niaba yao. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo na huendelea kuonekana wazi hadi mwezi wa sita, lakini hata baada ya hapo wapo wanaoendelea kupata kidogo kidogo, mradi wanaendelea kujaribu.

Mazoezi ya kliniki pekee hayatoshi, hata yawe mazuri namna gani. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani na Kanada walihesabu ni mara ngapi mgonjwa anautumia mkono mbovu kwa tendo lenye maana katika kipindi kimoja cha tiba. Wastani ulikuwa mara 32. Katika majaribio ya wanyama, ubongo ulionekana kubadilika baada ya marudio mamia kila siku. Sasa fikiria mgonjwa wa Keko anayepelekwa hospitali ya Temeke au Muhimbili mara moja kwa wiki kwa nauli ya bajaji ya kuungaunga. Siku sita zilizobaki ndizo zitakazoamua.

Hata hivyo pupa nayo inaumiza. Katika siku ya kwanza baada ya kiharusi, wapo ndugu wanaomsimamisha mgonjwa kwa nguvu wodini ili "mguu usilale". Utafiti mkubwa uitwao AVERT, wa wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano, uliotoka mwaka 2015, ulionyesha kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Kwa hiyo wakati wa kuanza na kiasi cha kuanzia viachwe kwa daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Akiwa bado kitandani, kazi yenu ni kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo na makalio, na kuuegemeza mkono mbovu juu ya mto usining'inie.

Akisharuhusiwa, itazameni nyumba kabla hajaingia. Keko tunajulikana jiji zima kwa makochi, na sebule zetu zimejaa makochi ya kina kirefu, yenye sponji laini, ambayo mtu akizama hatoki bila kuvutwa. Kwa mgonjwa wa kiharusi kochi la namna hiyo ni shimo. Mtafutieni kiti kigumu chenye mikono miwili, kimo chake kiwe magoti yanakunjika mraba na nyayo zinakanyaga sakafu yote. Hapa hatuna shida ya kukipata. Nenda kwa fundi seremala yeyote na vipimo viwili: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mgonjwa, na upana wa makalio. Mwambie fundi miguu ya kiti iwe imetanuka kidogo ili kisipinduke mtu akikiegemea upande mmoja. Fundi huyohuyo atakutengenezea kiti chenye tundu la kuweka juu ya choo cha kuchuchumaa, maana kuchuchumaa ndiko wengi wanakoangukia. Mwombe na upau wa kushikilia ukutani, upande wa mkono mzima. Bafu lenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa liwekwe mpira usioteleza. Ndala ziondolewe kabisa. Mguu uliopooza hauzishiki, na kidole kikijikwaa mtu anakwenda chini. Raba zenye kisigino kilichofunikwa ndizo salama.

Zoezi la kwanza ninalolipenda kuliko yote ni kuinuka kitini, kwa sababu ndani yake kuna choo, kuna kutembea, kuna kuswali, kuna kwenda mlangoni kumpokea mgeni. Linafanywa hivi. Mgonjwa anasogea mbele hadi nusu ya makalio iwe nje. Nyayo zote mbili zirudishwe nyuma kidogo ya magoti, na ule mguu mbovu usiachwe mbele, maana ukiachwa mbele mguu mzima utafanya kazi yote. Afumbate mikono, mkono mzima ukiushika ule mbovu. Ainame mbele, pua ivuke vidole vya miguu, kisha asukume sakafu asimame. Mwangalizi anakaa upande dhaifu, kanga imefungwa imara kiunoni mwa mgonjwa, naye anashika kanga ile bila kuvuta, labda mgonjwa ayumbe. Akishasimama, ahesabu polepole, kisha akae taratibu bila kujibwaga. Kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja. Aanze mara chache, apumzike, arudie. Akiweza kusema sentensi nzima huku anafanya, kiasi kinamfaa. Akihema hadi hawezi kusema, apumzike.

Hesabu ziwekwe mahali zinapoonekana. Bakuli mbili, maharage makavu kwenye moja. Kila akiinuka, harage moja linahama, na akilihamisha kwa mkono mbovu, hapo amefanya mazoezi mawili.

Tafadhali, msimvute mkono. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu linatokea kila siku. Mtu anamshika mgonjwa kwapani au anamvuta kwa kiganja amwinue, na bega lililolegea misuli linachomoka nusu. Maumivu ya bega hilo yanaweza kukaa miezi, na mgonjwa mwenye maumivu hukataa mazoezi yote. Mshikeni kiunoni. Mkono ufungwe kanga shingoni anaposimama na kutembea tu, kama mtaalamu amekubali. Akikaa, ufunguliwe uwekwe mezani, macho yake yauone.

Kwa kutembea, mkongojo unashikwa na mkono mzima, na urefu wake unaishia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono anaposimama wima. Akipanda ngazi au kizingiti, mguu mzima unatangulia. Akishuka, mguu mgonjwa ndio unaotangulia. Vichochoro vyetu vina mifereji, mawe na vigae vilivyovunjika, na wakati wa masika vinakuwa utelezi mtupu. Mazoezi ya kutembea yafanyike ndani au barazani wakati huo, na siku za joto yafanyike asubuhi mapema kabla jua halijawa kali.

Mkono ni mgumu kuliko mguu na huchelewa zaidi, hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa. Ubongo unajifunza vizuri pale tendo linapokuwa na maana kwa mtu mwenyewe. Mpira wa kubonyeza ni mzuri, lakini mama aliyekuwa akiuza chapati atajitahidi zaidi akipewa donge la unga. Nimemwona hapa Keko mzee aliyekuwa seremala maisha yake yote, mkono wa kulia umepooza, mwanawe amemwekea ubao mezani. Kipande cha msasa kimezungushiwa kibao, kiganja cha kulia kimewekwa juu na kufungwa kwa kitambaa cha kitenge, na mkono wa kushoto umekilalia. Anasukuma mbele hadi kiwiko kinyooke, anarudisha. Mbele, nyuma. Baada ya muda mwana anaondoa ule mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unajaribu peke yake, unakwenda kidogo, unakwama, unakwenda tena. Uso wa mzee unauangalia ubao, haumwangalii mtu. Anapitisha kidole cha mkono mzima kukagua kama ubao umelainika, na usipolainika anakunja uso na kuendelea. Hakuna aliyemwambia amefikisha hesabu. Ubao wenyewe ulikuwa ukimwambia.

Kila mmoja ana ubao wake. Mwingine ni kete za bao: kuokota, kupanda, kuokota tena, vidole vikihangaika. Mwingine ni kuchambua mchele, kukunja kanga za wajukuu, kufungua na kufunga kizibo cha chupa. Ipo pia njia ya kuufunga mkono mzima ili mbovu ulazimike kufanya kazi. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2006 kwa wagonjwa 222 lilionyesha inasaidia, lakini walichaguliwa wale ambao tayari walikuwa wanaweza kuinua kifundo na kufungua vidole kidogo. Kama mgonjwa wako amefikia hapo, na mtaalamu amekubali, mvishe mkono mzima soksi kwa muda fulani akiwa amekaa. Akisimama au akitembea ivueni, atauhitaji mkono huo kujishikilia.

Na kukanda? Sina ugomvi na kuchua kwa mafuta ya nazi au ya nyonyo. Kunaliwaza, kunalainisha ngozi, kunamfanya mtu ahisi anajaliwa, na kabla ya mazoezi kunasaidia misuli iliyokaza. Ila kukanda hakuufundishi ubongo kitu, kwa hiyo kusichukue nafasi ya mazoezi. Na kuna hatari tatu. Ya kwanza ni maji ya moto: upande uliopooza mara nyingi hauhisi joto, mtu anaungua malengelenge akiwa ametulia kimya. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya. Ya pili ni kukanda kwa nguvu shavu la mguu lililovimba upande mmoja na kuuma. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na huko ni hospitali moja kwa moja bila kuligusa. Ya tatu ni chale na dawa za kunywa zisizojulikana zikichanganywa na dawa za presha. Kama mmezitumia, mwambieni daktari bila aibu.

Chakula nacho kina mazoezi yake. Kiharusi hulegeza koo, na kinywaji chepesi kama maji au chai ndicho kinachopotea njia kirahisi kuingia mapafuni. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa kama ina majimaji baada ya kumeza, msiendelee kumlazimisha. Arudishwe akapimwe namna anavyomeza. Anapokula awe amekaa wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na asilale hadi nusu saa ipite. Akiweza kushika kijiko, kinachomwagika kimwagike. Mfungieni leso kifuani na mmwache.

Kuna wanaopoteza maneno. Anajua anachotaka, anakuelewa, lakini "maji" inatoka "mlango" au haitoki kabisa, na watu huanza kumsemesha kwa sauti kubwa kama kiziwi, au kumsemea kama mtoto. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wa hawa wanaweza kuimba, au kusoma Alhamdu nzima, au Baba Yetu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyimbo na dua zilizozoeleka zinapita njia nyingine kichwani, na tangu miaka ya 1970 wataalamu wa usemi wametumia uimbaji kama daraja la kurejea kwenye mazungumzo. Imbeni naye kaswida, imbeni naye wimbo wa kwaya au taarabu ya ujana wake. Kisha chukueni neno moja analolihitaji, mlivute kwa sauti ya kuimba, mkigonga meza kwa kila silabi. Muulizeni maswali ya ndiyo na hapana. Mpeni muda wa kujibu, na mgeni akiuliza, "Baba anaendeleaje?", msijibu ninyi kabla yeye hajajaribu.

Takriban mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi. Analia bila sababu, hataki kula, hataki kuamka, anasema "niacheni nife". Huo ni ugonjwa juu ya ugonjwa, na una dawa. Kumwambia ana imani haba ni kumwongezea mzigo. Mtoeni nje, barazani, asubuhi, majirani wamsalimie kama zamani, vijana wampe shikamoo yake na wangoje marahaba hata ikichelewa. Waliokuwa wakicheza naye drafti waje na drafti yao.

Mazoezi yote haya yanasimama juu ya dawa. Mtu akijisikia nafuu anaacha vidonge vya presha, na kiharusi cha pili mara nyingi huwa kibaya kuliko cha kwanza. Presha ipimwe kabla ya mazoezi. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi akiwa ametulia, siku hiyo hakuna mazoezi, kuna safari ya kituo cha afya. Acheni papo hapo na mkimbie hospitali akipata maumivu ya kifua, kichwa kinachouma ghafla kuliko kawaida, mdomo kupinda upya, au ganzi mpya upande wowote.

Nisieleweke vibaya kwamba familia inaweza peke yake. Huko India, jaribio la wagonjwa 1,250 lililochapishwa 2017 liliwafundisha ndugu kufanya utengamao, yaani kumrejeshea mgonjwa uwezo wake, nyumbani, na matokeo hayakuwa bora kuliko ya wale waliopata huduma za kawaida. Nionavyo mimi, ndugu waliofundishwa mara moja na kuachwa hawatoshi. Mazoezi yanahitaji kubadilishwa mgonjwa anavyobadilika. Kwa hiyo msiache kliniki. Mkifika, mwombeni mtaalamu ruhusa ya kumrekodi kwa simu anavyofanya zoezi na mgonjwa, ili shangazi na mjukuu waliobaki nyumbani wafanye vilevile. Nanyi mrekodini mgonjwa akifanya nyumbani, mtaalamu aone makosa. Ulizeni: lipi tuongeze, lipi tuache, tumwone lini tena? Waliofanyiwa upasuaji wa moyo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, waliokatwa mguu, na wanaotibiwa saratani Ocean Road nao wanahitaji kuushughulisha mwili, lakini mipaka yao ni tofauti na haya niliyoyaandika. Wamwulize daktari wao.

Limebaki la anayeuguza. Karibu kila nyumba ni mwanamke mmoja, mke au binti wa pili, ambaye biashara yake imesimama na mgongo wake umeanza kuuma. Akianguka yeye, mazoezi yanakufa siku hiyohiyo. Kaeni kikao cha familia, na mgonjwa awepo. Andikeni nani yuko asubuhi, nani jioni, nani analipa bajaji ya kliniki, nani anaangalia dawa zisiishe. Anayeinua afundishwe kukunja magoti na kuuacha mgongo wima. Na yule dada apewe siku yake nzima kila wiki ya kutoka aende zake, bila kuulizwa amekwenda wapi.